Shajara ya mradi: kuutoa mpira nyuma mpaka shuti mbele, fasta (lakrosi ya wanawake)

Januari 8: tulipoanzia

Naandika hii ili kocha mwingine akitaka kuiga asianzie sifuri. Timu yangu ni ya wanawake wa lakrosi, mchezo wa kubeba na kurushiana mpira mdogo kwa fimbo yenye wavu, wako 18 na humo makipa wawili, tunacheza ile ya 12 kwa 12, mazoezi mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Shida yetu ni moja: mpira nyuma tunaupata vizuri tu, ila unapotea kabla haujafika mbele. Na ukifikiria, mpinzani akishaupoteza mpira wachezaji wake wengi wako upande wetu, kwao kumebaki wachache, zile sekunde sita saba ndio nafasi bora utakayoipata mechi nzima na sisi tulikuwa tunazimaliza kwa kuangaliana.

Nilirekodi mechi mbili za kirafiki kwa simu, nikamweka anayerekodi mahali pa juu ili uwanja wote uonekane (hili ni muhimu, ukirekodi ukiwa usawa wa uwanja huoni nafasi, unaona migongo tu). Halafu nikakaa nikahesabu. Mpira tuliupata upande wetu mara 41. Ukavuka mpaka eneo la kushambulia mara 23. Shuti ndani ya sekunde 10 tangu kuupata: 3. Goli: hakuna.

Lengo nililoandika kwenye daftari: mashuti ya namna hiyo yafike angalau 8 kwa mechi mbili, na mipira inayopotea njiani ipungue. Dakika 30 za kila mazoezi nimezitenga kwa kazi hii.

Januari 22: mbio hazikusaidia

Kosa la kwanza ni langu na limekula wiki mbili. Nilijiambia hawa hawana kasi, basi niwakimbize. Mazoezi sita mfululizo tulipiga mbio za urefu wa uwanja na fimbo mkononi, na mpira na bila mpira, na kurudi.

Gharama: mazoezi sita, na mchezaji mmoja alivuta msuli wa nyuma ya paja, nje siku 12. Nikarekodi mchezo wa sisi kwa sisi siku ya mwisho nikalinganisha na video za mwanzo, hakuna nafuu, tena mipira iliyopotea iliongezeka. Sababu nikaiona baadaye nilipopunguza mwendo wa video. Wavu wa fimbo ya wanawake hauna kina, mpira unakaa juujuu, kwa hiyo mchezaji akikimbia kwa nguvu zote bila kuubembeza vizuri (kuitikisa fimbo polepole ili mpira ubaki wavuni) unadondoka wenyewe, na asipoificha fimbo karibu na bega beki anaugonga kirahisi. Nilikuwa nimewafundisha kukimbia kwa kasi ambayo mikono yao haiiwezi bado.

Kitu cha pili nilichokiona ndicho kilichobadilisha mradi wote. Mpira ukiruka hewani mita 20 unafika muda ambao mtu mwenye miguu mizuri kabisa hajamaliza hata nusu yake. Kwa hiyo nikafuta mbio, swali jipya likawa: mpira unasimama wapi?

Januari 30: unasimama kwa kipa

Kipa akiwa ndani ya duara lake ana sekunde 10 tu za kukaa na mpira. Wetu alikuwa anazitumia karibu zote. Nilihesabu kwenye video, akiokoa anakaa sekunde 6, 7, mara moja 9, anageuza kichwa kulia, kushoto, kulia tena. Nilitaka kumlaumu ila nikamuuliza kwanza, akasema, "Kocha, nikiinua macho naona migongo tu, nampa nani?"

Na ni kweli. Mabeki wetu wakiona kaokoa wanageuka wote wanakimbilia mbele, hakuna anayemuonyesha fimbo. Kipa ana mpira mkononi na watu saba wanaomkimbia.

Tulichojaribu kwanza: winga wawili waende kwenye mistari ya pembeni mara tu kipa anapookoa, mmoja kulia mmoja kushoto, kifua kikielekea ndani ya uwanja ili wamuone kipa na wakati huohuo waone mbele. Tukafanya hivi dakika 15, mimi napiga shuti dhaifu, kipa anaokoa, winga wanatoka. Bila mpinzani ilikwenda safi sana. Nikaongeza mpinzani mmoja wa kumsumbua, ikaanguka palepale, kwa sababu mpinzani alikuwa anasimama katikati ya kipa na winga wa kulia, kwa vile wote tunajua kipa wetu ni wa mkono wa kulia na anapenda upande huo.

Dawa ilikuwa vitu viwili. Kwanza chaguo la tatu, kiungo mmoja harudi nyuma kabisa wala hakimbilii mbele, anakaa katikati mita 20 hivi kutoka golini, anatulia mpaka aone winga wote wamekabwa ndipo anakata kwenda mahali palipo wazi. Pili, sauti. Anayeomba mpira anataja upande wake, "Kulia!" au "Kushoto!" au "Kati!", basi. Mwanzo walikuwa wanaita "Hapa! Hapa!" wote watatu kwa pamoja, sasa kipa ajue hapa ni wapi?

Baada ya mazoezi manne kipa anatoa mpira ndani ya sekunde 3 mara nyingi. Nimemwambia pia kwamba akiona wote wamefungwa asirushe kwa presha, atoke na mpira mwenyewe pembeni ya goli, atembee nao, mpinzani lazima aje kwake na akija kuna mtu amebaki peke yake.

Februari 13: unasimama kwenye kudaka

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Namba 7 wetu ana miguu, ana akili, na kila pasi ndefu akipokea tunapoteza faida yote. Nikaiangalia video yake moja mara labda ishirini. Mpira unatoka kwa kipa, yeye anakimbia, anageuza kichwa, anaona mpira unakuja, anapunguza hatua. Anageuza mwili mzima umuelekee kipa. Anadaka. Anabembeza mara mbili tatu kujihakikishia. Ndipo anageuka mbele, na alipogeuka beki aliyekuwa mita 5 nyuma yake yuko mbele yake. Sekunde mbili na nusu zimeondoka na hakuna aliyefanya kosa linaloonekana kwa macho ya kawaida. Mtu akiwa pembeni ya uwanja anaona pasi nzuri, kadaka vizuri, anapiga makofi.

Zoezi tulilotengeneza ni hili. Wawili wawili, umbali wa mita 15, wote wanakimbia kuelekea goli la mbali. Mwenye mpira anarusha mbele ya mwenzake, sio kwake, yaani kwenye nafasi atakayokuwa baada ya hatua tatu. Anayepokea anaweka fimbo juu ya bega la mbele, anaangalia mpira kwa kichwa tu, kiuno na miguu vinaendelea kuelekea mbele. Mpira ukiingia, mkono wa juu unalegea kidogo, fimbo inarudi nyuma pamoja na mpira kama unapokea yai. Na mimi nahesabu kwa sauti "moja, mbili", ikifika mbili bado anauchezea mpira bila kusonga mbele zoezi linaanza upya.

Lilianguka vibaya sana siku mbili za kwanza. Mipira ilikuwa inapita juu ya vichwa, inatoka nje, wachezaji wakaanza kukata tamaa na wawili waliniambia wazi kwamba bora ile ya zamani. Nikadhani shida ni wapokeaji. Sio, ni warushaji. Walikuwa wanarusha wakiwa wameelekeza kifua mbele na mkono wa chini umelala, mpira unapanda kama puto na ukipanda unampa beki muda wa kufika. Tukarudi nyuma hatua moja: kurusha ukitembea tu, bega la mkono usioongoza linaelekea kwa mwenzako, mkono wa chini unavuta kuja mwilini, kichwa cha fimbo kinamalizia kwa kuelekea unapotaka mpira ufike. Mazoezi mawili hayo tu. Ndipo tukarudi kukimbia.

Gharama ya sehemu hii ni mazoezi saba jumla na uvumilivu wa watu, na mipira mingi iliyopotelea kwenye nyasi ndefu za pembeni. Ukiiga, anza na kurusha, mimi nilianza na kudaka na ndio maana ilichukua saba badala ya labda nne.

Mpira ukidondoka nao usisimamishe watu. Wetu walikuwa wakiuona chini wanasimama juu yake wanauchota. Sasa kanuni ni kuupitia: magoti yamekunjwa kabla hujafika, mkono wa nyuma uko chini karibu na nyasi, unauchota huku unapita na hatua mbili za baada yake ni za mbele.

Februari 27: watatu kwa wawili, wanne kwa watatu

Sasa mpira unafika mbele na tuko wengi kuliko wao. Na hapo tukaanza kuharibu kwa namna mpya.

Kosa: mwenye mpira anauachia mapema mno. Yuko na beki mita 6 mbele yake, anarusha kwa mwenzake, beki hajasogea popote, anaenda tu kumkabili aliyepokea. Tulikuwa watatu kwa wawili na tukabaki watatu kwa wawili mpaka wengine wao wakarudi. Nikawapa neno moja, "Mvute!" Maana yake kimbia umuelekee beki mpaka alazimike kukuchagua wewe, ndipo utoe.

Wiki moja tu ikageuka kosa la upande wa pili. Wakawa wanavuta mpaka wanamgonga beki aliyekwisha simama vizuri, na kwenye mchezo wa wanawake ukimvaa beki aliyesimama kwenye nafasi yake halali hiyo ni faulo yako, mpira wao. Au wanavuta wawili na wanafungwa katikati. Neno peke yake halikutosha, walihitaji kipimo. Fimbo zao ni kati ya sentimita 90 na 110, basi kipimo kikawa fimbo moja na nusu: ukiona ncha ya fimbo yake ingehitaji nusu fimbo nyingine ili ikuguse, toa. Niliweka koni mahali pa beki na koni nyingine ndogo mita moja na nusu mbele yake, pasi itoke ukifika kwenye koni ndogo. Siku ya tatu nikaondoa koni nikaweka mabeki wa kweli.

Kwa wanne dhidi ya watatu tumekaa na umbo moja tu na nimekataa kuongeza jingine. Mwenye mpira anashuka upande mmoja, sio katikati, kwa sababu akija katikati beki wa juu anaziba pande zote mbili. Mmoja yuko juu upande wa pili, wawili chini karibu na goli kila mmoja kwenye kona yake. Beki wa juu akimjia mwenye mpira, pasi ya kwanza inavuka kwenda kwa yule wa juu upande wa pili, beki wa chini analazimika kupanda kumzuia, na aliyekuwa anakabwa na huyo beki sasa yuko peke yake mbele ya goli. Pasi mbili, shuti. Ikihitaji pasi ya nne tumeshachelewa.

Kitu kidogo kilichotusumbua: washambuliaji wa chini walikuwa wanasimama mbele ya goli na kuwaleta mabeki pale katikati. Waache kwenye kona, wasiingie mpaka beki wao ameondoka.

Machi 12: mechi ya kirafiki, goli lililofutwa

Tulipata shambulizi zuri kuliko yote ya msimu. Kipa, winga wa kushoto, kiungo, pasi ya kuvuka, goli. Filimbi. Limefutwa, na mpira wakapewa wao. Tulikuwa wanane mbele.

Kwa asiyefahamu, kwenye 12 kwa 12 timu inayoshambulia inaruhusiwa wachezaji saba tu ndani ya mstari wa kizuizi, ule ulioko yadi 30 kutoka mstari wa goli. Wanne wa uwanjani na kipa lazima wabaki nyuma yake. Ilitutokea tena kipindi cha pili. Mara zote mbili sababu ilikuwa ileile: beki wetu alikata mpira, akapanda nao mwenyewe kama nilivyowafundisha, akavuka, na hakuna kiungo aliyebaki badala yake kwa sababu wote wana hamu ya kwenda mbele sasa. Iliniuma kwa sababu wasichana walikimbia kwa moyo wote na kosa lilikuwa la mpango wangu, sikuwahi kulifanyia mazoezi hata mara moja. Mazoezi yetu yote yalikuwa ya watu watano sita, mstari haukuwepo.

Dawa: beki akivuka na mpira, kiungo aliye nyuma kuliko wote ndiye anayebaki, anainua fimbo juu na kuita "Nabaki!" Sio aliye karibu na beki, sio aliyechoka, ni wa nyuma kuliko wote. Mwanzo nilisema "mmoja abaki" na wakabaki wawili, tukashambulia tukiwa sita. Tumechora mstari kwa koni kila mazoezi tangu siku hiyo, hata tukifanya zoezi la watu wachache.

Machi 20: uwanja mdogo

Nimekopa kutoka lakrosi ya sita kwa sita, ile itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Uwanja wake ni mita 70 kwa 36, saa ya shuti (muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imepiga shuti) ni sekunde 30, na baada ya goli hakuna kwenda katikati, kipa anaanza palepale. Kwa 18 nilionao inakaa vizuri: makipa wawili wanabaki golini, watano kwa watano, sita wanapumzika na kuingia kila dakika 4.

Hili ndilo zoezi ningeanza nalo ningekuwa narudia. Ukifunga hujamaliza kushangilia mpira umeshakupita. Kwa dakika 20 kila mchezaji anapita kwenye mpito, yaani kutoka kulinda kwenda kushambulia, labda mara kumi na tano, wakati kwenye uwanja mkubwa anaipata mara tatu. Tahadhari moja, wanachoka haraka na wakichoka fimbo zinaanza kupita karibu na vichwa, nikiona hivyo nasimamisha hata kama dakika hazijaisha.

Aprili 3: kujua wakati wa kuacha

Kasi imekuja na imeleta ugonjwa wake. Sasa wanapiga shuti kila mara. Mechi iliyopita tulipoteza mpira mara tano kwa mashuti ya sekunde ya sita au ya saba, mabeki wao wameshajaa, pembe mbaya, kipa wao anaokoa kirahisi na anaanza upya dhidi yetu. Mabeki wetu walilinda karibu mfululizo, kufika robo ya mwisho walikuwa wameisha kabisa. Na hakuna haja, tunacheza na saa ya shuti ya sekunde 90, muda upo.

Nikaweka neno "Tulia". Likiitwa, mwenye mpira anauzungusha nyuma ya goli, wengine wanatoka upana, tunaanza kupanga. Niliita mimi kutoka benchi, haikufanya kazi, hawanisikii, na nikisikika nimechelewa. Nikampa mwenye mpira aamue, nayo ikashindikana kwa sababu yeye anaona beki mmoja tu. Anayeita sasa ni mchezaji wa mwisho kuvuka mstari, anakuja nyuma ya shambulizi na anaona kila mtu mbele yake. Akihesabu wako sawa na sisi, anaita. Tumefanya mazoezi ya kuhesabu tu: nawaonyesha picha kutoka video kwa sekunde moja, wanasema "Nenda" au "Tulia". Namba 15, ambaye sio mkimbiaji kabisa, ndiye anaona haraka kuliko wote, na amepata kazi ambayo sasa timu inamtegemea.

Aprili 17: droo ya katikati

Fupi kwa sababu bado tuko njiani. Kwenye droo, yaani pale mchezo unapoanza na wachezaji wawili wanagombea mpira katikati kwa fimbo, wanaruhusiwa watatu tu wa kila timu kati ya mistari miwili ya kizuizi mpaka mtu apate mpira. Tulikuwa tunauangusha popote kisha tunagombea. Sasa mchezaji wa droo anausukuma upande wa winga wa kushoto, na winga anaupokea akiwa ameshaanza kukimbia, kwa hiyo mafunzo ya Februari yanafanya kazi hapa. Kati ya mipira tunayoishinda kwa winga, karibu nusu tunafika golini kabla hawajajipanga. Inayobaki kuwa ngumu ni wale wa nyuma ya mstari, wanachungulia mpira badala ya kuanza kukimbia mara mpira unapopatikana.

Aprili 24: hesabu ya pili

Mechi mbili, anayerekodi yuleyule, mahali palepale pa juu. Mpira tumeupata upande wetu mara 38. Umevuka 29. Shuti ndani ya sekunde 10: 9. Magoli 4. Kuzidi idadi mbele ya mstari: hakuna. "Tulia" imeitwa mara 11, na mara 3 ilikuwa kosa, tulikuwa wengi na tukarudi nyuma.

Upande wa kushoto bado dhaifu. Katika mipira 9 iliyopotea njiani (38 toa 29), 6 ni pasi za kipa kwenda kushoto, anavuka mwili kurusha na mpira unachelewa. Jumanne tunaanza kumfundisha kurusha kwa mkono wa kushoto, dakika 10 kila siku ukutani kabla wengine hawajafika, na winga wa kushoto asogee mita 5 ndani ili pasi iwe fupi kwa sasa. Nitaongeza hapa ikishapita wiki tatu.